Namba Aliyosomewa na Mkwewe

Swabir Mbwana alizaliwa Waa, akasoma Waa, akaoa Msambweni, na kazi akaipata Ukunda, kwa hiyo maisha yake yote mtu mwenye miguu mizuri angeweza kuyapita kwa siku moja, akabakiwa na muda wa kuswali alasiri.

Kazi yake ilikuwa kutunza mashine. Watu wa Waa walipoulizwa afanya nini huko, walijibu, "Yuko kwenye kompyuta," na hapo maneno yakaisha. Mashine yenyewe ilikaa orofani, juu ya duka la mabati na misumari, katika chumba kidogo ambamo kipoza hewa hakikuzimwa kamwe. Swabir alitundika sweta ya sufu nyuma ya mlango, sweta katika mji ambao hata mbuzi huhema kivulini. Mashine ilikuwa moja tu, ila ndani yake ziliishi biashara za watu wengi. Hoteli kubwa ya Diani ilikuwamo, na muuza dawa wa jumla, na skuli moja, na zahanati ya binafsi ya Msambweni. Kila mmoja wao aliona kana kwamba mashine ni yake peke yake.

Ilikuwa hivyo kwa sababu kila biashara ilitiwa ndani ya kontena lake. Si makontena ya bandarini yale, yanayoshushwa na winchi. Haya ni nyumba zilizojengwa ndani ya mashine kwa maneno matupu, zenye kuta ambazo aliye ndani hawezi kuzichungulia. Katika kila nyumba kuna kazi zinazoendelea: hii yapokea wageni, hii yatunza majina, hii yapiga chapa risiti. Wenye elimu huziita prosesi. Swabir aliziita kazi tu. Kila kazi ikianza hupewa namba yake, na ile ya kwanza kuanza katika nyumba huwa namba moja.

Sasa, hebu simama katikati ya kitongoji chochote cha huku kwetu upige kelele, "Kifungua mimba, njoo!" Watatoka watoto kumi mbio, maana kila nyumba ina kifungua mimba wake. Ndivyo zilivyo namba moja za mle mashineni. Ili zisigongane, kiini cha mashine, yaani ule mfumo wa chini kabisa unaozitawala kazi zote, huipa kila kazi namba mbili: moja ya ndani ya nyumba yake, na moja ya nje, ya kitongoji kizima. Aliye ndani huijua ya ndani peke yake. Aliye nje, kama Swabir, huiona ya nje, na akitaka kuijua ya ndani hufungua ukurasa mdogo ambao kiini huiwekea kila kazi. Humo mna mstari mmoja wenye namba zote mbili, ya nje imetangulia, ya ndani imefuata. Asiyeutazama mstari ule huwa anabahatisha tu.

Kwa hiyo mtu akipiga simu kwamba kazi fulani imekwama, na akataja namba yake ili isimamishwe, Swabir hakushika kitu kabla ya kuuliza: "Namba hiyo umeisomea ndani au nje?" Aliuliza kila mtu, hata aliyempigia jana yake. Judy, aliyefanya naye kazi, binti wa Nakuru mwenye maneno mengi na kicheko kikubwa, alimpachika jina kwa swali hilo.

"Ndani-ama-Nje! Chai yako iko hapa."

"Ya ndani au ya nje?"

"Ya kwenye kikombe, mzee. Kunywa kabla haijawa maji ya barafu."

Hivyo walikuwa wakicheka. Hayo yalikuwa kabla Maimuna hajafa.

Maimuna mkewe aliugua homa wiki moja kabla ya Ramadhani, ikapanda, ikakataa kushuka, akafa. Hakuna zaidi la kusema, na Swabir mwenyewe hakusema zaidi. Alimzika Waa. Alipokea mikono ya watu, akawajibu wote vizuri, akajua nani amekuja na nani hakuja, akaagiza sukari ilipopungua jikoni. Chozi halikumtoka. Wanawake waliotoka Msambweni walimtazama kwa pembe za macho, wakasemezana, "Huyu ana moyo wa chuma." Mmoja akaongeza, bila kushusha sauti, "Labda hana kabisa."

Haikuwa chuma. Mtu akikalia mguu wake muda mrefu, huushika kwa mkono akajua ni wake, ila mguu haumjibu. Swabir alikuwa hivyo mwili mzima. Chai aliinywa mpaka chini ndipo akatambua haikutiwa sukari, na hata hapo hakuona kwamba ingefaa itiwe. Alikwenda kazini, akarudi, akavua viatu. Mto wa Maimuna aliuacha pale ulipokuwa, si kwa mapenzi wala kwa huzuni. Aliuacha kwa kuwa hakukuwa na sababu ya kuuondoa.

Zamani, katika mazungumzo yao ya kitandani, aliwahi kumsimulia Maimuna habari za zile namba. Akamwambia: kazi iliyo ndani ya nyumba ikikiuliza kiini, "Mzazi wangu ni nani?" na mzazi huyo akawa yuko nje ya nyumba, kiini hakina namba ya kumpa. Hujibu sifuri. Maimuna alicheka hadi akakaa kitako. "Basi mmewafanya wote mayatima!" alisema. "Mungu atawauliza." Siku moja baada ya msiba Swabir alikikumbuka kicheko kile, akangoja kuona kitamfanya nini. Hakikumfanya kitu.

Walikuwa na mtoto mmoja, Twaiba, wa miaka saba. Siku ya tatu ya matanga nyanyake, Bi Esha, alimchukua akaenda naye Msambweni. "Kwa muda," alisema, wala hakusema muda gani, na Swabir hakuuliza. Bi Esha alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu asiyependa maneno ya kuzunguka, na baada ya kustaafu alisimamia chumba cha dawa katika ile zahanati ya binafsi. Kwa Swabir alikuwa mkwe, mama wa mkewe, na kwa Wadigo wa adabu mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humkazii macho, hukai naye mkeka mmoja, humpingi, humhoji. Akisema neno, unaitika. Ukiwa na haja, unamtuma mtu mzima akusemee.

Swabir alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ilikuwa Twaiba arudi Waa. Hakuihisi kama watu wanavyosema haja huhisiwa. Aliijua tu, kama mtu ajuavyo kiu kwa kuona midomo yake imepasuka. Akamwendea baba yake mdogo, Mzee Dzombo, amsemee.

"Nitakwenda," alisema Mzee Dzombo, mkono umeshika muhogo na kisu kikimenya. "Lakini mambo ya wakwe hayakimbizwi, mwanangu. Wacha kwanza wamalize machozi."

Mfungo ukaisha, Idi Ndogo ikapita, Idi Kubwa nayo ikapita. Kila Swabir alipokwenda kumkumbusha, alikuta jambo: mara goti, mara mvua, mara mnazi umeangukia ukuta. Mwezi wa Agosti, shule zimefungwa, Mzee Dzombo akaja na habari badala ya safari.

"Nimesikia Bi Esha asema hivi: shule zikifunguliwa na hajamsikia mtu wa kwenu, amwandikisha mtoto huko huko Msambweni, na jambo limekwisha. Asema babake hamtaki."

"Mimi simtaki?"

"Ndivyo asemavyo. Asema hujauliza hata siku moja."

"Ningeuliza vipi? Si wewe ndiye wa kwenda?"

"Nitakwenda," alisema Mzee Dzombo. "Wiki hii hii, inshallah."

Swabir akarudi kazini. Wiki ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya likizo.

Siku ya Jumatano, jua limekwisha kupanda na Judy yuko chini dukani ananunua mahamri, simu ya Swabir ikalia. Jina kwenye kioo lilikuwa Mama Msambweni. Mkwewe hakuwa amempigia simu hata mara moja tangu msiba. Swabir alisimama wima, akavuta sweta ikae sawa, kana kwamba mama yule ameingia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Twaiba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Sijui nyinyi."

"Twashukuru. Mtoto hajambo."

"Alhamdulillahi."

Pakawa kimya. Kimya cha wakwe kina urefu wake na hakikatwi na mdogo. Swabir alingoja, moyo wake ukipiga polepole bila haraka yoyote. Alidhani sasa ataambiwa habari ya skuli.

"Nakupigia kwa kazi," alisema Bi Esha. "Caroline amekwenda kujifungua, na kompyuta ya dawa imeganda. Wagonjwa wamejaa hapa, wengine na watoto mikononi, na mimi siwezi kutoa hata panado. Caroline aliniachia maelekezo. Nifungue dirisha jeusi, nitazame namba iliyo juu kabisa, ile inayokula nguvu zote, nikupe uiue."

"Naam, mama."

"Elfu mbili, mia moja na arubaini."

Caroline, karani wa zahanati, alikuwa na madirisha mawili kwenye kompyuta yake. Moja lilifunguka ndani ya nyumba ya zahanati. La pili Swabir mwenyewe alimpa, la kutazama tu, lililoonyesha namba za nje, kwa kuwa Caroline alikuwa mwangalifu na alipenda kurahisisha mambo. Kwa kawaida alisomea hilo la nje, na hata hivyo kila mara Swabir alimuuliza. Sasa swali lilimjia kama lilivyozoea, likafika kwenye ulimi. *Umeisomea ndani au nje, mama?* Likasimama hapo. Kumuuliza mkwe neno alilokwisha kulitamka ni kumwambia kwamba hajui asemalo. Na mkwe huyu, wiki hii, huku mtoto yuko mikononi mwake na neno lake ndilo litakaloamua!

"Naam, mama," akasema tena, akaandika namba, akaiua.

"Bado imeganda," alisema Bi Esha.

Swabir alitazama kioo chake. Namba elfu mbili mia moja na arubaini ya nje haikuwa kazi ya zahanati hata kidogo. Ilikuwa ndiyo namba moja ya nyumba ya hoteli ya Diani, iliyopewa namba ile ya nje siku mashine ilipowashwa. Sheria ya kiini ni hii: namba moja wa nyumba hawezi kuuawa na walio ndani, hata wakitaka vipi, lakini aliye nje aweza. Na namba moja akifa, wote wa nyumba ile hufa naye papo hapo. Kiini hakibembelezi. Mstari baada ya mstari ulitoweka pale kiooni, upande ule ukabaki mweupe.

Aliona. Alijua alichokiona. Aliufungua ukurasa wa ile kazi ya zahanati iliyokwama, akausoma mstari wa namba mbili, ya nje ishirini na nane elfu na kitu, ya ndani elfu mbili mia moja na arubaini. Akaiua kwa namba yake ya haki.

"Haya, imefunguka," alisema Bi Esha. "Ahsante, mwanangu. Mungu akubariki."

"Amin, mama."

Akakata simu, akaanza kuisimamisha nyumba ya hoteli upya. Nyumba haisimami kwa kuamriwa tu. Ilikuwa imekufa katikati ya kuandika, na yaliyokuwa yakiandikwa yalibaki vipande, ikabidi vipande vipangwe kwanza. Kule Diani, saa za wageni kuingia, mapokezi hawakumwona mgeni yeyote kwenye kioo chao. Kadi za kufungulia milango zilikataa kutengenezwa. Mabasi mawili ya watu wa mkutano yalikuwa yameshusha, na watu wazima waliovaa tai walikaa juu ya masanduku yao juani, wakipunga hewa kwa karatasi za mkutano.

Judy alirudi na mahamri, akatazama kioo, akayaweka chini taratibu.

"Swabir. Umefanya nini?"

"Nimeua namba moja ya hoteli."

"Wewe? Wewe Ndani-ama-Nje?"

"Mimi."

"Nani alikupatia hiyo namba?"

Swabir aliendelea kupanga vipande.

Hesbon alifika kabla mambo hayajatengemaa. Ndiye aliyekuwa mwenye kampuni, mtu wa bara aliyeishi Ukunda miaka mingi hadi akapenda samaki wa kupaka, ila lugha yake ilikuwa bado yatembea kwa mguu wa kwao. Alikuwa na jasho, na simu ilikuwa ikimlilia mfukoni bila kukoma.

"Hii kitu imeenda aje, Swabir? Niambie pole pole, juu mimi ndio nitaenda kukalishwa kwa ile hoteli kama mtoto."

"Zahanati walikuwa wamekwama. Nilipewa namba. Ilikuwa ya ndani, mimi nikaitumia nje."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Wewe huuliza hata mimi! Mimi mwenye kampuni, unaniuliza nje ama ndani mpaka nashikwa na hasira. Leo hukuuliza? Nani alipiga? Caroline?"

"Caroline yuko likizo."

"Basi nani? Nikimwambia mwenye hoteli kuwa mteja alitoa namba bila kusema ni ya wapi, hiyo ni kitu anaweza elewa. Tutawaandikia zahanati, huyo mtu wao atolewe kwa hiyo kompyuta, tumalize. Nipe jina."

Judy alikuwa nyuma ya Hesbon, na macho yake yalikwisha kuisoma ile simu iliyokuwa mezani: Mama Msambweni. Alimkodolea Swabir, akatikisa kichwa kama anayesema, sema tu.

Swabir alilipima jambo kama mtu apimavyo mzigo usio wake. Akilitaja jina, Bi Esha angetolewa kwenye chumba cha dawa mbele ya watu wake, kwa mdomo wa mkwewe, na Twaiba hangerudi Waa tena. Asipolitaja, huenda akakosa kazi, na nani atampa mtoto mtu asiye na kazi? Njia zote mbili ziliishia mahali pamoja. Hapo akaona hakuna haja ya kuchagua, abaki tu na lililo kweli.

"Namba ilikuwa sahihi," alisema. "Aliyeisoma aliisoma alivyoiona. Kuuliza ni kazi yangu, na sikuuliza."

"Msee, acha kujibebesha," alisema Judy.

"Ndivyo ilivyokuwa."

Hesbon aliizima simu iliyokuwa ikimlilia mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. "Basi kuanzia kesho hushiki hii mashine," alisema. "Judy ataishika. Wewe utaenda na wale wa kuvuta waya kwa mahoteli. Ngazi, misumari, hiyo. Ukirudisha akili, tutaongea."

"Sawa."

"Sawa tu? Hata huwezi kuniomba?"

Swabir akavua sweta, akamwachia Judy.

Alhamisi alipanda ngazi Diani, akapitisha waya juu ya dari zenye popo. Ijumaa baada ya swala, simu ikalia. Mama Msambweni. Alikuwa juu ya ngazi, akashuka kwanza ndipo akaipokea.

"Njoo," alisema Bi Esha. "Leo. Usimlete Mzee Dzombo."

Alikwenda na nguo za kazi, vumbi la dari likiwa nyweleni. Nyumba ya Bi Esha ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, yenye baraza ya sakafu nyekundu. Twaiba alikuwa uani akioga, sauti yake ikisikika akiimba mambo ya shule. Bi Esha alikaa kwenye kiti cha mbao. Swabir alikaa kwenye mkeka wa pembeni, uso ameuelekeza uani kama inavyopasa.

"Caroline amenipigia," alianza Bi Esha. "Yuko na kichanga kifuani, lakini umbeya haumpiti. Yule binti wenu wa bara amemweleza yote. Asema niliangusha hoteli nzima."

"La, mama. Ni mimi."

"Usinikatize. Asema nilikupa namba ya ndani. Asema kila mtu wewe humuuliza, ndani au nje. Hata tajiri wako humuuliza. Kweli?"

"Kweli, mama."

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Swabir alitazama tundu la kuku pale uani. "Ningekuulizaje, mama?"

"Kwa mdomo." Bi Esha alijiinamisha mbele, na kiti kikalia. "Mimi nimefanya kazi wodini tangu wewe hujaota meno. Daktari akinitajia dawa na kipimo, simwitikii naam nikaenda kuchoma. Namuuliza: ya mshipa au ya msuli? Kipimo ni kimoja, lakini ukikosea pa kuchoma unaweza kumwua mtu. Nilimuuliza daktari mwenye ndevu nyeupe, mtu ambaye babangu mwenyewe alimwamkia. Nilimvunjia heshima? Alishukuru! Wewe ukaninyamazia kwa adabu, ukanifanya mimi mjinga mbele ya Caroline."

"Nisamehe, mama."

"Na kazi umenyang'anywa, na jina langu hukulitaja. Hilo nalo nimeambiwa." Akavuta pumzi. "Sijui nikushukuru au nikupige bakora."

Kuku mmoja alitoka tunduni, akatazama, akarudi.

"Miezi yote hii," alisema Bi Esha, sauti yake imeshuka, "nakungoja uniulize. Si Dzombo na goti lake. Wewe. Nilimzika mwanangu, na mumewe akasimama pale kama nguzo ya simu. Nikasema, haya, labda hana maneno. Nikamchukua mtoto nione kama atamfuata. Hukumfuata. Siku ngapi nimekaa kiti hiki. Hukumtaka?"

"Namtaka."

"Mbona hulii? Mbona husemi?"

"Sisikii kitu, mama," alisema Swabir. Alilisema kama mtu anayemweleza muuguzi mahali panapouma, au mahali ambapo hapaumi. "Tangu siku ile. Nala, natembea, nafanya kazi. Sisikii kitu. Lakini Twaiba namtaka. Hilo nalijua."

Bi Esha alimtazama kama alivyowatazama wagonjwa wengi, bila kushangaa.

"Basi uliza."

Midomo ilikuwa mikavu. Kwa mara ya kwanza aligeuza uso wake, akamtazama mkwewe machoni, na macho yale yalikuwa ya Maimuna, yenye duru ya kahawia pembeni. Hata hapo chozi halikumtoka.

"Mama, naomba Twaiba arudi Waa. Shule zafunguliwa Jumatatu."

"Nani atampikia?"

"Mimi. Kupika najua. Wali wangu huungua kidogo."

"Ukiwa juu ya ngazi hizo, nani atamtoa shule?"

"Mke wa Mzee Dzombo. Nitamwomba mwenyewe, leo."

"Nani atamsuka?"

Hapo Swabir akakwama. Maimuna ndiye aliyekuwa akimsuka, kila mwisho wa wiki, kwenye kizingiti. "Kusuka sijui," alisema.

"Basi jifunze kabla ya Jumatatu," alisema Bi Esha. Aliita kuelekea uani, "Twaiba! Vaa nguo uje na chanuo." Mtoto akaja na kanga kubwa kuliko yeye, maji yakimdondoka, akamwona babake, akasimama. Hakumkimbilia. Miezi ilikuwa imepita. Alisema shikamoo kama anavyomsalimu mgeni, na Swabir akaitika.

"Kaa hapa," alisema Bi Esha, akamkalisha chini, mgongo wake kwa babake. Kisha akafanya jambo ambalo majirani walilisema wiki nzima: akashuka kitini, akakaa kwenye mkeka ule ule wa mkwewe, bega kwa bega, akachota mafuta ya nazi kwa kidole.

"Gawanya hivi. Sehemu tatu. Hii ipite juu ya hii. Hapana, usiishike kama waya. Hizi ni nywele."

Swabir alizishika. Vidole vyake vilijua uzito wake, baridi ya maji, utelezi wa mafuta, na zaidi ya hapo hakuna. Alipitisha sehemu ya kulia juu ya ile ya kati, akakaza.

"Baba, waniumiza," alisema Twaiba.

Akalegeza. "Hivi je?"

Mtoto aligeuza kichwa kidogo, akapima. "Bado kidogo," alisema.

Akalegeza tena.